Rivolva Nyepesi ya Mtutu Mfupi: Mambo ya Kupima Kabla ya Kununua

Somo hili linamhusu mkaazi wa Massachusetts ambaye amekwisha kupata leseni ya kubeba bastola, au yumo katika kuitafuta, na ambaye sasa amesimama mbele ya kabati la kioo dukani akionyeshwa rivolva ndogo inayoenea kiganjani. Muuzaji atamwambia aishike. Ataishika, na jambo la kwanza litakalomtoka mdomoni ni lile linalosemwa na karibu kila mnunuzi: “Kumbe nyepesi hivi!” Mara nyingi hapo ndipo biashara inapokamilika. Kwa maoni yetu, hapo ndipo kazi ya mnunuzi ingepaswa kuanza.

Wepesi ni sifa njema ya bastola inapokuwa mfukoni. Bastola hiyohiyo inapofyatuliwa, wepesi hugeuka kuwa mzigo, na mzigo huo huangukia mkono wa mwenye kuifyatua. Mtu anayebeba silaha kila siku atakaa nayo mfukoni maelfu ya saa, na pengine asiifyatue kwa haja hata mara moja maishani mwake. Ndiyo maana wengi hupima mfuko na kusahau kupima mkono. Lakini ile mara moja, ikitokea, haitauliza mfuko ulikuwa na raha kiasi gani.

Ofisi hii haimshawishi mtu anunue silaha, wala haimzuii mwenye haki ya kununua. Tunachofanya hapa ni kile tunachofanya katika kurasa nyingine za kijitabu hiki tunapozungumzia jiko la gesi au gari lililotumika: kumweleza mlaji maswali ya kuuliza kabla hajafungua pochi.

Bastola yenyewe na uzito wake

Rivolva ni bastola ambayo risasi zake hukaa katika silinda inayozunguka. Kila kifyatulio kinapovutwa, silinda husogea tundu moja na risasi inayofuata hujipanga mbele ya mwenzo wa mtutu. Zile zenye mtutu wa inchi 2 au pungufu kidogo, yaani sentimita 5 hivi, zilijipatia jina baada ya kampuni ya Colt kutoa Detective Special mwaka 1927, ikiwa na risasi 6. Mwaka 1950 kampuni ya Smith & Wesson, ambayo makao yake yalikuwa hapahapa Springfield, ilionyesha rivolva ndogo zaidi ya risasi 5 katika mkutano wa wakuu wa polisi uliofanyika Colorado Springs, na kwa heshima ya mkutano huo ikaitwa Chiefs Special. Makao makuu ya kampuni yalihamia Tennessee mwaka 2023, lakini umbo lile la mwaka 1950 halijabadilika sana. Kilichobadilika ni madini.

Chiefs Special ya chuma, ambayo baadaye ilipewa namba 36, ina uzito wa takribani gramu 550 bila risasi. Ndugu yake wa leo, namba 642, ana kiunzi cha aluminiamu na uzito wa takribani gramu 410. Ruger LCR, iliyoingia sokoni mwaka 2009 ikiwa na sehemu ya kiunzi ya plastiki ngumu, ina takribani gramu 385. Namba 340 PD, yenye kiunzi cha aluminiamu iliyochanganywa na skandiamu na silinda ya titaniamu, inashuka hadi karibu gramu 340. Kwa kulinganisha, hiyo ya mwisho ni nyepesi kuliko mfuko wa nusu kilo wa sukari, na bei yake huwa juu zaidi ya zote tulizotaja. Mnunuzi hulipa zaidi ili apate kilicho kidogo zaidi.

Sasa tuangalie kinachotokea kifyatulio kinapovutwa. Risasi haijui uzito wa bastola iliyoibeba. Inasukumwa mbele kwa nguvu ileile, na bastola inasukumwa nyuma. Huu ndio mrudisho. Kanuni yake ni nyepesi kukumbuka: kwa risasi ya aina moja, bastola yenye nusu ya uzito humrudishia mwenye kuifyatua nishati mara mbili. Hakuna ufundi wa kiwandani unaoweza kuikwepa kanuni hii. Mshikio wa mpira hupunguza maumivu kwa kusambaza pigo katika eneo kubwa zaidi la kiganja, nao una manufaa, lakini nishati yenyewe haiendi popote.

Mwandishi wa somo hili, ambaye si mlenga shabaha hodari, alikodi bastola mbili katika uwanja wa shabaha mmoja wa jimbo hili: moja ya chuma cha pua, nyingine ya skandiamu, zote kwa risasi za kawaida za .38 Special. Ile ya chuma ilimaliza kisanduku kizima cha risasi 50 bila malalamiko. Ile nyepesi, ilipofika risasi ya kumi na tano, ngozi iliyo kati ya kidole gumba na kidole cha shahada ilikuwa imekwisha kuwa nyekundu, na kuanzia ya ishirini macho yalifumba yenyewe kabla ya mlio. Mkufunzi aliyesimama kando alicheka kwa upole akasema kwamba wengi wa wateja wake walionunua bastola kama ile hawajawahi kumaliza kisanduku chao cha kwanza. Hilo ndilo jambo la kuhofia. Maumivu peke yake si hasara kubwa. Hasara ni mtu kuacha mazoezi kwa sababu ya maumivu, kisha akaendelea kubeba silaha asiyoijua.

Kifyatulio kizito kwenye bastola nyepesi

Hapa tunaomba msomaji asome polepole, kwa kuwa jambo hili halionekani dukani.

Rivolva nyingi za aina hii hazina kitasa cha usalama cha kubonyeza kwa kidole. Kinga yake kubwa ni ugumu wa kifyatulio. Kanuni za kumlinda mlaji za Massachusetts, ambazo Mahakama ya Juu ya jimbo ilithibitisha uhalali wake mwaka 1999 na zikaanza kutekelezwa mwaka 2000, zinamtaka muuzaji asiuze bastola ambayo mtoto wa kawaida wa miaka 5 anaweza kuifyatua ikiwa tayari. Njia mojawapo ya kutimiza sharti hilo ni kifyatulio kinachohitaji nguvu ya ratili 10 au zaidi, yaani kilo 4 na nusu. Ni kanuni njema, na watoto wapo hai kwa ajili ya kanuni za namna hii.

Lakini ratili 10 zinazomzuia mtoto zinamsumbua mtu mzima pia. Jaribu hivi nyumbani: weka maji lita 4 na nusu kwenye ndoo, kisha uinue kwa kidole kimoja tu cha shahada. Utaweza. Sasa fikiria kwamba kitu unachokivuta kwa nguvu hiyo chenyewe kina gramu 410 tu. Kidole kinavuta kwa nguvu inayozidi uzito wa bastola yote mara kumi na moja, na bastola haina uzito wa kuituliza. Ikiwa kidole kinavuta kidogo kwa pembeni, mtutu nao unakwenda pembeni. Ikiwa kiganja kinakaza kusaidia kidole, mtutu unainama. Na kwa kuwa mtutu ni mfupi, nafasi kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma ni fupi pia, hivyo kosa dogo mkononi linakuwa kosa kubwa kwenye shabaha.

Kwa sababu hiyo hatukubaliani na ushauri unaosikika sana madukani, kwamba mteja mwanamke, au mzee mwenye mikono dhaifu, apewe rivolva nyepesi kuliko zote ati kwa kuwa ni ndogo na haina mambo mengi. Ni kweli kwamba haina mambo mengi. Haina ghala la risasi la kuchomeka wala sehemu ya juu ya kuvuta kwa nguvu kama bastola za kujipakia, na kwa mtu ambaye vidole vyake vina baridi yabisi hilo ni jambo la maana. Lakini mtu huyohuyo ndiye atakayeshindwa na kifyatulio cha ratili 10, na ndiye mrudisho utakaomuumiza zaidi. Bastola ndogo haimfai mtu kwa sababu tu mtu mwenyewe ni mdogo. Mara nyingi mteja wa namna hii angehudumiwa vizuri zaidi na rivolva ya chuma iliyo nzito kwa gramu 150, hata kama itambidi anunue mkanda imara wa kuibebea. Na pengine ingemfaa bastola ya kujipakia ambayo kifyatulio chake ni laini, baada ya mkufunzi kuthibitisha kwamba anaweza kuvuta sehemu yake ya juu. Asiyeruhusiwa kujaribu zote mbili hapaswi kulipa chochote.

Kuna mafundi watakaojitolea kulegeza springi ili kifyatulio kiwe chepesi. Mnunuzi akatae. Springi hiyohiyo ndiyo inayoipa nyundo nguvu ya kugonga kiwashio cha risasi. Ikilegezwa kupita kiasi, bastola inaweza kugonga bila kulipua. Zaidi ya hayo, ile kinga ya mtoto aliyomo nyumbani itakuwa imeondolewa kwa malipo. Dawa halali ya kifyatulio kizito ni mazoezi ya kukivuta bastola ikiwa tupu, baada ya kuikagua mara mbili, risasi zote zikiwa zimeachwa chumba kingine, na mtutu ukielekezwa mahali ambapo risasi ingeishia bila kumdhuru mtu.

Karatasi ambayo muuzaji anatakiwa kukupa

Wanunuzi wachache wanajua kwamba sheria ya Massachusetts ya mwaka 1998 ya kudhibiti silaha iliweka sharti la pekee kwa bastola zenye mtutu usiofika inchi 3. Kabla ya mauzo, muuzaji mwenye leseni anatakiwa amweleze mnunuzi kwa maandishi mipaka ya ulengaji wa aina hiyo ya bastola, kwa kumpa matokeo ya majaribio katika umbali wa yadi 7, 14 na 21, yaani karibu mita 6.4, 12.8 na 19.2.

Karatasi hiyo husomwa hivi. Kwa kila umbali, zinafyatuliwa risasi 5 kwenye shabaha moja, kisha hupimwa kwa inchi nafasi kati ya matundu mawili yaliyoachana zaidi, kuanzia katikati ya tundu moja hadi katikati ya jingine. Jaribio hufanywa mara tatu kwa bastola tatu tofauti za aina ileile, na wastani wake ndio unaoandikwa. Tuseme karatasi inaonyesha inchi 3 kwa yadi 7. Maana yake ni kwamba risasi zote za jaribio, kwa wastani, zilitua katika eneo lisilozidi upana wa kikombe cha chai. Kadiri umbali unavyoongezeka, namba hupanda.

Mnunuzi aiombe karatasi hii hata kama muuzaji hakuitaja, na asikubali kuambiwa kwamba “bastola zote ndogo ziko hivyo.” Akishaipata, afahamu mpaka wake: inasema habari za bastola, haisemi habari za mkono wake. Njia bora ya kuitumia ni kuifuata mwenyewe uwanjani. Akodi bastola ya aina anayoitaka, asimame yadi 7 kutoka kwenye shabaha, afyatue risasi 5 bila haraka, apime. Kisha afyatue nyingine 20, na baada ya hapo arudie zile 5 za kupimwa, mkono ukiwa umechoka. Tofauti kati ya namba ya karatasi na namba yake ya kwanza inaonyesha kiasi cha mafunzo anachohitaji. Tofauti kati ya namba yake ya kwanza na ya pili inaonyesha kama bastola ile ni nyepesi mno kwake. Kodi ya bastola na kisanduku cha risasi ni fedha kidogo ukilinganisha na bei ya silaha, ambayo akishaiona haimfai atalazimika kuiuza kwa hasara. Kununua bila kujaribu ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Risasi zinazolingana na bastola

Ubavuni mwa mtutu pameandikwa aina ya risasi inayokubalika. Rivolva iliyoandikwa .357 Magnum hupokea pia .38 Special, iliyoandikwa.38 Special kamwe isipewe .357. Kiwango cha juu cha mgandamizo kilichokubaliwa na watengenezaji wa Marekani kwa .38 Special ya kawaida ni ratili 17,000 kwa inchi mraba, na kwa .357 Magnum ni 35,000. Alama ya +P kwenye kisanduku ina maana ya mgandamizo uliozidishwa, na rivolva nyingi za zamani za kiunzi cha aluminiamu hazikutengenezwa kwa ajili yake. Anayenunua bastola iliyotumika asome maandishi ya mtutu na kitabu cha maelekezo, asitegemee kumbukumbu za muuzaji.

Kwamba bastola ya gramu 340 imeruhusiwa kutumia .357 haina maana kwamba ni busara kuitumia hivyo. Hao tuliozungumza nao viwanjani hawakuwa na neno jema juu ya uzoefu huo.

Kuna hitilafu moja inayozipata bastola nyepesi hasa, nayo haifahamiki vya kutosha. Bastola inaporudi nyuma kwa kasi, zile risasi zilizobaki kwenye silinda hurudi pamoja nayo, lakini kichwa cha risasi, kwa uzito wake, huelekea kubaki palepale. Ikiwa ganda halikukibana vizuri, kichwa huanza kuchomoka kidogokidogo, na kikitokeza mbele ya silinda, silinda haizunguki tena. Bastola imekwama wakati ule ule inapohitajika. Ndiyo sababu baadhi ya bastola za titaniamu na skandiamu zimechongwa maonyo kuhusu risasi zisizoruhusiwa. Jaribio lake ni rahisi: jaza silinda, weka alama kwenye risasi moja, pima urefu wake, fyatua nyingine zote, kisha itoe ile yenye alama uipime tena. Ikiwa imerefuka, aina hiyo ya risasi isitumike kwenye bastola hiyo.

Kuhusu nyundo, tutasema machache. Iliyo wazi hunasa nyuzi za mfuko; iliyofichwa ndani ya kiunzi hainasi, na kwa kubeba mfukoni hiyo ndiyo tunayoiona inafaa zaidi. Mshikio mfupi hujificha vizuri lakini huacha kidole cha mwisho kikining’inia hewani. Mnunuzi achague kwa mkono wake mwenyewe. Silinda ya titaniamu isisafishwe kwa kitambaa au dawa inayokwaruza, kwani hula utando wake wa juu.

Mfukoni, kwenye mkoba, nyumbani

Bastola ibebwe ndani ya ala inayofunika kifyatulio chote, na mfuko uliobeba bastola usibebe kitu kingine: si funguo, si peremende, si simu. Ufunguo unaoingia mbele ya kifyatulio unaweza kufanya kazi ya kidole.

Mkoba wa begani tunaupinga waziwazi, hata ule ulioshonwa mfuko wa siri kwa ajili ya silaha. Mnamo tarehe 30 Desemba 2014, katika duka moja kaskazini mwa jimbo la Idaho, mtoto wa miaka 2 aliyekuwa amekalishwa kwenye kikapu cha ununuzi alifungua mkoba wa mama yake, akaifikia bastola, ikafyatuka, na mama akafariki papo hapo. Mkoba ule ulikuwa umetengenezwa mahususi kwa kubebea silaha, na mfuko wake ulikuwa na zipu. Mkoba hutua chini, huning’inizwa kwenye kiti, huachwa garini. Kitu kilicho kwenye mwili wa mtu huwa na mlinzi mmoja anayejulikana.

Nyumbani, sheria ya Massachusetts inataka silaha isiyo chini ya udhibiti wa mwenyewe iwekwe kwenye kasha lililofungwa au ifungwe kufuli madhubuti. Kuipuuza ni kosa la jinai, na adhabu huongezeka ikiwa mtoto angeweza kuifikia. Rivolva ndogo hudanganya katika jambo hili, kwa kuwa inaenea kwenye droo, chini ya mto, juu ya kabati. Bei ya kasha iingizwe kwenye hesabu ya bastola tangu siku ya kwanza.

Lipo jambo jingine ambalo halimo kwenye kipeperushi cha muuzaji yeyote. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki nchini Marekani ni vya watu waliojiua. Utafiti uliofuatilia mamilioni ya wakaazi wa California na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha kwamba wanaume wenye bastola walikuwa na uwezekano wa kujiua kwa bunduki mara 8 zaidi ya wanaume wasio nayo, na wanawake mara 35 zaidi ya wanawake wasio nayo. Kama nyumbani mna mtu anayepitia majonzi mazito, au wewe mwenyewe ndiye, ahirisha ununuzi. Duka litakuwepo mwezi ujao. Namba ya simu ya msaada kwa nchi nzima ni 988, usiku na mchana.

Kwa asiye raia

Wasomaji wetu wengi wa Kiswahili, kutoka Worcester hadi Springfield na Lowell, walizaliwa Kongo, Kenya, Tanzania au Burundi, na baadhi yao bado hawajapata uraia. Kwao makosa yana bei ya pekee. Leseni ya kubeba hutolewa na mkuu wa polisi wa mji unaoishi, kwa mtu aliyefikisha miaka 21 na kuhitimu mafunzo ya usalama. Asiye raia anatakiwa awe na ukaazi wa kudumu. Kubeba bila leseni kuna kifungo kisichopungua miezi 18, na kwa asiye raia hukumu ya kosa la silaha inaweza kuwa sababu ya kufukuzwa nchini. Leseni ya hapa haitambuliwi Connecticut, Rhode Island wala New York: anayekwenda kumsalimu shangazi ng’ambo ya mpaka aiache bastola kwenye kasha lake. Na ingawa bangi ni halali katika jimbo hili, fomu ya shirikisho inayojazwa dukani inaonya wazi kwamba kwa sheria ya shirikisho mtumiaji wake haruhusiwi kununua silaha. Fomu hiyo hujazwa chini ya adhabu ya sheria. Asiyeielewa lugha yake asiitie sahihi. Aende na mtu wa kumtafsiria, na mtu huyo asiwe muuzaji.

Bastola ikiwa na kasoro

Sheria ya mwaka 1972 iliyounda Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji iliziacha bunduki nje ya mamlaka ya tume hiyo. Tume inaweza kuagiza kiti cha mtoto chenye kasoro kiondolewe sokoni. Bastola yenye kasoro haiwezi. Bastola huitwa kiwandani kwa hiari ya mtengenezaji, na tangazo lake humfikia yule tu aliyejiandikisha. Kwa hiyo mnunuzi ajaze kadi ya dhamana siku ileile anayonunua, na kila mwaka aitazame tovuti ya mtengenezaji akiwa na namba ya bastola mkononi.

Risiti, karatasi ya ulengaji na nakala ya namba ya bastola viwekwe pamoja, mbali na bastola yenyewe, ili mwizi asivichukue vyote kwa mara moja. Ikiwa bastola inakwama, inagonga bila kulipua zaidi ya mara moja kwa risasi nzuri, au kiunzi chake kimeonyesha ufa, iachwe kutumika na muuzaji aandikiwe barua. Ikiwa muuzaji hakutoa karatasi ya ulengaji, au amekataa kuirekebisha bastola iliyo ndani ya dhamana, ofisi yetu ipokee malalamiko kwa barua au kwa simu, na anayetaka kuandika kwa Kiswahili aandike kwa Kiswahili. Aambatishe nakala za hati zake. Bastola yenyewe isiletwe ofisini.